Kimya cha Jikoni

Mimi nasafisha sauti. Watu wakisikia hivyo hudhani nafundisha kwaya. Hapana. Mtu amerekodi hotuba, harusi, au tangazo la dawa ya mbu, akarudi nyumbani akakuta ndani yake kuna feni, mbwa, mtoto wa jirani na mwenyekiti anayekohoa kila baada ya sentensi. Ananiletea mimi. Natoa feni, natoa mbwa, natoa mtoto, na mwenyekiti namwachia kikohozi kimoja ili watu waamini kuwa ni yeye. Nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii, ghorofani juu ya duka la mafundi cherehani, katika chumba ambacho kuta zake zote nne nimezibandikia sponji za magodoro makuukuu. Nikianza kazi nazima feni yangu mwenyewe, kwa hiyo jasho linanitoka hadi kwenye viwiko. Mlangoni nimebandika karatasi: KAMA HUNA NAKALA, USINILILIE.

Mdogo wangu anatengeneza filamu fupi. Usifikirie zile za kufukuzana na magari. Filamu zake zina dakika nane, kumi, kumi na mbili, na ndani yake hakuna anayekimbia wala anayeoa. Kuna mlango. Kuna nguo kwenye kamba. Mtu anazungumza na uso wake huuoni. Kampuni hana, mfadhili hana, kamera anayo moja na yenyewe ina jeraha ubavuni alilolifunga kwa plasta. Mimi humwita Mheshimiwa Mwongozaji. Hukasirika kila mara, ndiyo maana siachi.

Alikuja Jumatatu asubuhi, miezi minane baada ya kumzika mama. Aliweka diski mezani kwanza, ndipo akakumbuka salamu.

"Shikamoo dada. Hii ndiyo ile ya kilima."

"Marahaba. Ile yenye mama?"

"Yenye mama."

Sikuigusa. Niliendelea kukunja waya uliokuwa umekwisha kukunjwa.

Kilima nacho kina habari yake. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kilima, si kikubwa, ukianza kukipanda unafika juu kabla hujamaliza kulalamika. Kampuni ya barabara iligundua kina changarawe nzuri. Baba yetu alikuwa opereta wa katapila, akapewa kazi hapo hapo, umbali wa kusikia mke wake akimwita, na kwa miaka kumi na tisa akakichota kilima kile kijiko kwa kijiko, kikapakiwa kwenye malori, kikaenda kuwa barabara ya watu wengine. Leo pana shimo. Ndani ya shimo kuna maji ya kijani na bata wawili wasiojulikana ni wa nani.

Sasa kilima kilikuwa upande wa machweo. Zamani, ikifika saa kumi jioni, kivuli chake kiliingia jikoni na mama akapika kwenye ubaridi. Kilima kilipokwisha, jua likawa linaingia lenyewe bila hodi, linakaa mpaka linapozama. Mama akatundika pazia. Pazia likababuka, akatundika jingine. "Wanaume wengine huleta nyama jikoni," alimwambia kila mgeni aliyekanyaga pale, "huyu wangu kaniletea jua." Baba akiwepo, alikuwa akiinamisha kichwa na kutabasamu kwenye kikombe.

Hiyo ndiyo filamu yenyewe. Mdogo wangu alikaa na mama jikoni siku mbili, akamuuliza habari za kilima, akarekodi sauti tu kwa kuwa mama alikataa katakata kupigwa picha, eti kichwa hakijasukwa. Wakati huo mama alikuwa anahema hata akiwa amekaa, na akiulizwa anasingizia jua. Sisi nasi tukamwamini. Wiki tano baadaye akafariki.

"Inaonyeshwa Jumamosi," mdogo wangu alisema. "Saa tisa alasiri, ukumbi wa maktaba. Filamu sita za watu wasio na kampuni, sisi ni wa nne. Na baba anakuja."

Hapo nikaacha waya. Tangu mazishi baba hakuwa amevuka geti. Ukimwambia ale, anakula. Ukimuuliza kitu, jibu ni ndiyo au hapana, na hata hizo anazitoa kwa shida. Jina la mama hakuwa amelitaja hata mara moja.

"Nani kakwambia anakuja?"

"Yeye mwenyewe. Ila kwa sharti. Alhamisi atakuja hapa kwako amsikie kwanza kwa hedifoni, asije akaumbuka mbele za watu." Mdogo wangu alishusha pumzi. "Dada, kaniambia sauti ya mama imeanza kumtoka kichwani. Uso anao kwenye picha. Sauti inamkimbia. Anasema wiki hii alijaribu kuikumbuka akiwa anaoga, akashindwa."

"Haya, Mheshimiwa," nikasema. "Alhamisi ataikuta safi."

Nilisema safi kwa sababu ndilo neno la biashara yangu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo moja la kazi. Mtu wa sauti yeyote anayejiheshimu, akimaliza kurekodi mahali, huwaambia wote wanyamaze dakika moja naye anaurekodi ule unyamavu. Kila chumba kina kimya chake. Cha jikoni si cha chumbani, cha kanisani si cha benki, na usipokuwa nacho, ukikata maneno ya mtu pale ulipokata panabaki tundu. Tunakiita kimya cha chumba. Mdogo wangu mimi ndiye niliyemfundisha, na alikuwa mzembe hadi nilipotishia kumpiga kofi. Kwangu mimi kimya hicho kina kazi ya pili. Naipa programu dakika ile, naiambia: hii ndiyo taka, popote utakapoisikia iondoe. Inajifunza, kisha inafagia.

Kwenye diski kulikuwa na mafaili mawili. Moja liliandikwa "mama", dakika arobaini. La pili "jikoni kimya", dakika moja.

Kwa kawaida nasikiliza kabla ya kusafisha. Hata tangazo la dawa ya mbu nalisikiliza mara tatu. Siku ile sikusikiliza, na sina haja ya kujipamba: niliogopa. Nilijua nikibonyeza tu nitamsikia, na nilikuwa nimejikaza miezi minane bila kuharibika mbele ya mtu. Kwa hiyo nilifanya kazi kwa macho. Sauti kwenye kompyuta inaonekana, ina vilima na mabonde. Maneno ni vilima, pumzi ni vichuguu vidogo kabla ya kila kilima. Niliipa programu ile dakika ya kimya nzima nzima. Ikafagia. Kisha nikapita kwa mkono, nikafyeka vichuguu kimoja baada ya kingine. Nani anasikiliza dakika ya kimya? Dakika arobaini za mama yangu nilizimaliza kwa saa mbili na nusu bila kusikia hata neno.

Nilipomaliza nikahifadhi juu ya faili lile lile. Ndivyo nilivyojizoeza, chafu na safi visikae pamoja nikaja kumpelekea mteja chafu. Nikaangalia mstari kwenye kioo, umenyooka, kilima, tambarare, kilima, tambarare. Nikajisifu. Kweli kabisa, nilijisifu.

Alhamisi saa nne baba akaja. Nilimsikia tangu chini, mafundi cherehani wakimwamkia mmoja mmoja naye akiitikia kila mmoja. Alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi na amenyoa. Mdogo wangu alimfuata nyuma, amemshikia kofia.

Nikampa kiti changu. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, katapila ililila, kwa hiyo niliongeza sauti upande wa kulia. Alinyoosha kola, akaweka mikono magotini.

"Washa," alisema.

Nikabonyeza. Mimi sikuvaa hedifoni, nilikuwa namtazama uso. Uso wake haukufanya nilichokuwa nakingojea. Alikunja paji, akasogeza hedifoni, akasikiliza, akaisogeza tena.

"Ni nani huyu?" aliuliza kwa sauti kubwa, ile ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Mama, baba."

Akasikiliza tena, dakika mbili labda.

"Anasema maneno ya mama yenu. Ila si yeye."

Mdogo wangu akacheka kicheko cha kukosa pa kushika. "Baba, ni yeye. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake."

"Nimeishi naye miaka arobaini na moja. Huyu ni mtu anayewatangazia abiria basi limefika."

Alivua hedifoni kwa mikono miwili, akaiweka mezani taratibu kama yai. Akaomba kofia yake. Alipofika mlangoni akasimama, na maneno yaliyofuata aliyasema kwa sauti ndogo, jambo ambalo si kawaida yake.

"Jumamosi nendeni ninyi. Mimi nitabaki nyumbani. Jana nilikuwa nimebakiwa na kidogo. Sasa nikijaribu kumsikia, anakuja huyu."

Akashuka ngazi. Mafundi wakamuaga, naye akawaaga.

Ndipo nikavaa hedifoni kwa mara ya kwanza. Mama wa kwenye faili alikuwa hapumui. Mama yangu alikuwa akivuta pumzi kabla ya kuanza kusema, akigonga ulimi kidogo, na kicheko chake kilitangulia mzaha, ulijua anakuja kukuchekesha kabla hajafungua mdomo. Vyote havikuwepo. Maneno yalikuwa yamekatwa pembeni, yamekaa mbalimbali, hakuna kinachoyashika. Alisema ule mzaha wa jua jikoni na haukuchekesha.

"Rudisha ya mwanzo," mdogo wangu alisema.

"Unayo wewe."

"Mimi nilikuletea diski."

"Nimehifadhi juu yake. Yako ya kwenye rekoda je?"

Akajikuna shingo.

"Nakuuliza, ya kwenye rekoda?"

"Nilihamishia kwenye diski, kisha nikafuta kadi. Nilihitaji nafasi nirekodi shimo."

"Shimo! Umemfuta mama ukarekodi bata!"

"Na wewe uliyemfuta ukarekodi nini?" Sijawahi kumsikia akinipandishia sauti vile. "Watu baki unawaachia hadi kikohozi. Mwenyekiti wa ushirika unamwachia kikohozi! Mama umemnyofoa mpaka pumzi!"

Tulikuwa watu wawili wa fani, mmoja anafundisha nakala, mwingine amefundishwa, na hapakuwa na nakala. Yeye aliangalia mlango, akaangalia ile karatasi yangu, akatikisa kichwa. Alisema atapiga simu maktaba waiondoe filamu kwenye orodha. Akaondoka bila kuaga.

Nilibaki na swali la kifundi, na nashukuru lilikuwa la kifundi maana ndilo lililonishikiza kitini. Pumzi nilizokata kwa mkono nilizijua. Lakini programu ilikuwa imekula mpaka ndani ya maneno, imekwangua herufi. Feni ya kawaida au jokofu haliifanyi ikwangue vile. Niliipa taka gani?

Nikafungua "jikoni kimya". Lenyewe lilikuwa zima, maana sampuli ya kufundishia programu huwa haisafishwi.

Linaanza na mdogo wangu. "Haya mama, dakika moja tusiseme kitu."

"Hata kupumua?"

"Pumua tu."

Kisha kimya, kama mama yetu alivyojua kukaa kimya, yaani hakujua. Kwanza pumzi. Inaingia kwa kishindo kidogo, inatoka na mluzi mwembamba mwishoni. Saa ya ukutani. Pumzi. Ndala zinakwaruza sakafu, ameinuka, bila shaka ameona kitu jikoni mwake hakijakaa sawa. Kifuniko cha sufuria kinashushwa polepole kwa uangalifu wa mwizi, na bado kinagonga. Anagonga ulimi, amejikasirikia. Anaanza kuvumisha wimbo puani, anakumbuka, anaumeza. Pumzi. Na kwenye sekunde ya hamsini na moja, karibu na maiki kabisa, kwa kunong'ona:

"Imeisha?"

Hakuna aliyemjibu. Sheria ni kimya, na mdogo wangu sheria hiyo nilimpigia kelele mpaka ikamkaa. Lazima aliinua kidole tu. Mama akacheka kidogo puani, na dakika ikakatika.

Hiyo ndiyo niliyoichukua nikaiambia mashine: hii ndiyo taka. Na mashine haikukosea hata kidogo. Ilipita dakika arobaini nzima ikimtafuta mama, na kila ilipomkuta ikamtoa.

Nililia. Nililia kwa sauti, katika chumba chenye sponji kuta nne, na bado mafundi cherehani wakasikia, maana mashine zilizimwa chini na mmoja akapanda kugonga. "Dada, kuna usalama?" Nikamwambia ni kazi tu. Akasema basi nipumzike kidogo, akashuka.

Mdogo wangu nilimpigia nikamwambia asipige simu maktaba. Ijumaa asubuhi alikuja, amenuna, nikamvisha hedifoni. Alipofika sekunde ya hamsini na moja akaziba uso kwa kiganja.

"Nilimnyamazisha," alisema.

"Nilikufundisha mimi."

Baada ya muda akaanza kufikiri, naye akifikiri anatembea, na chumba changu ni hatua tatu. Alitaka tuchukue pumzi za kwenye ile dakika tuzipandikize katikati ya maneno. Tunaweza, alisema, wewe unaweza. Na kweli ningeweza, ningezishona pumzi zile hata mafundi wa chini wasione mshono. Nikakataa. Nikamwambia hapo nitakuwa simrudishi, nitakuwa namtengeneza, na baba ana sikio moja tu lakini si mjinga. Basi tukakubaliana hivi: sauti yote niliyoiharibu itoke. Maneno yake yaandikwe chini ya picha ya shimo, watu wayasome wenyewe. Halafu mwishoni, ile picha ya jikoni, jua la jioni linapanda ukutani kupitia pazia lililobabuka, dakika moja kamili, na juu yake kimya chote kama kilivyo.

"Watu watatoka nje," mdogo wangu alisema.

"Na watoke. Viti vya maktaba vinaumiza."

Akacheka. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa baba, na hiyo ilikuwa yangu.

Nilimkuta jikoni saa kumi na robo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama, pazia amelivuta pembeni, jua limemjaa kifuani. Nilimwamkia, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine.

"Baba, uliyemsikia jana alikuwa mama. Mimi ndiye niliyemwondoa."

Nikamweleza. Nilimweleza kifundi, sampuli, programu, kufagia, kuhifadhi juu, maana kwa lugha nyingine nisingeweza. Alisikiliza, sikio zima amelielekeza kwangu. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo opereta yeyote angeuliza.

"Hukupima kabla ya kuchimba?"

"Sikupima."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kumsikia."

Aliangalia dirishani, kule kuliko na anga mahali palipokuwa na kilima.

"Siku ya kwanza pale nyuma nilitoa majani tu," alisema. "Nikaja nikamwambia mama yenu, usijali, ni majani, kilima kipo. Siku ya pili nikatoa udongo wa juu. Nikamwambia udongo si kilima. Alikuwa ananiangalia tu, anakoroga sufuria. Mimi mpaka leo sijui ni siku gani niliyokitoa kilima."

Sikumbuki lini nilisikia baba akisema maneno mengi kiasi hicho.

"Imebaki dakika moja yake, baba. Hiyo sijaigusa. Tutaiweka kesho."

"Anaongea?"

"Akishaambiwa anyamaze, neno moja."

"Dakika nzima, neno moja?" Akanigeukia, na mabega yakamtikisika kidogo. "Basi huyo ndiye simjui kabisa."

Nikacheka na machozi yakanitoka hapo hapo kwenye ndoo. Lakini kama atakuja au hatakuja hakusema, na sikuthubutu kuuliza. Nilimpikia chai nikaondoka.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulikuwa na watu thelathini na kitu, na mapazia yake yalikuwa hayafungi vizuri, mstari wa mwanga ukakata kioo kikubwa cha filamu katikati. Mdogo wangu alikaa mbele, anatafuna kucha. Mimi nilikaa nyuma karibu na mitambo, maana spika za watu siziamini. Filamu ya kwanza ilikuwa ya mtu anayetembea kando ya reli. Ya pili sikuielewa. Ya tatu ilikuwa inaisha mlango wa ukumbi ulipofunguliwa na baba akaingia, shati lile lile la pasi, kofia mkononi. Alisimama gizani akaitafuta spika kwa macho. Akaenda kukaa kiti cha pembeni kabisa, cha upande wa kushoto wa ukumbi, sikio la kulia likiwa limeelekea ndani, halafu akabadili mawazo, akainuka, akavuka watu akiwaomba radhi kwa sauti kubwa, mpaka akapata kiti ambacho spika iko kulia kwake, karibu ya kuigusa.

Filamu ikaanza. Shimo. Maji ya kijani. Bata mmoja, kisha wa pili. Maneno ya mama yakapita chini, meupe: kwamba kilima kilikuwa kinanuka vizuri mvua ikianza, kwamba alianikia nguo kwenye mawe yake, kwamba mchana alikuwa akisikia katapila ikizimwa na kujua ana dakika tano za kutenga chakula. Ukumbi ukacheka kwenye mzaha wa jua la jikoni. Watu wasiomjua walicheka pale hasa alipotaka wacheke.

Kisha pazia. Mwanga unapanda ukutani. Nikasikia mdogo wangu kwenye spika, "dakika moja tusiseme kitu", na mama, "hata kupumua?", na mtu mmoja mstari wa tatu akacheka, na baada ya hapo ukumbi ukanyamaza.

Pumzi. Saa ya ukutani. Ndala. Sikuangalia kioo, nilimwangalia baba. Alikuwa ameinamia spika, mdomo umefunguka kidogo. Kifuniko cha sufuria kilipogonga, kichwa kilimtikisika, ule mtikisiko wa mtu anayesema, nilijua tu. Kwenye ulimi uliogongwa alifumba macho. Pumzi ikaingia, ikatoka na mluzi wake. Mtu akakohoa nyuma yangu na mkono wangu ukaenda kutafuta kitufe cha kumwondoa, mazoea tu, nikaukalia.

Sekunde ya hamsini na moja.

"Imeisha?" mama akanong'ona.

"Bado," baba alimjibu, kwa sauti yake yote, ukumbi mzima ukasikia. "Kaa kidogo."